Ukili Mweusi Mlangoni kwa Agnes

Nyumba ya Masista,
Lindi,
9 Machi 1960

Kwa shoga yangu Mwanaima binti Kondo, Kinjumbi.

Salamu zangu zikukute umekaa jamvini kwako, mgongo umetulia na macho bado yanaona tundu la sindano. Vipi hali yako, vipi wajukuu, na vipi ile minazi miwili uliyokuwa ukiitukana kwa uvivu wa kuzaa? Mwaka huu mifungo yetu imekutana, ninyi Ramadhani na sisi Kwaresima. Mungu aipokee yote miwili.

Kaka Abdala, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma, maana dada yako anasoma herufi za Kiarabu na mimi naandika hizi za misheni. Tafadhali soma kwa sauti ya barazani, si ya mimbarini, wala usiruke mstari. Mwanaima, ukisikia anakohoa katikati ya sentensi, ujue ameruka. Mrudishe nyuma.

Mimi sijambo ya mdomoni. Miguu imevimba, na kutoka kitandani mpaka dirishani nashikwa mkono na Sista Yustina. Zamani daktari alikuwa akiniambia nirudi mwezi ujao. Siku hizi ananiuliza tu kama nimelala vizuri. Nimefundisha miaka thelathini, shoga, na najua mwalimu anavyomrahisishia swali mwanafunzi ambaye hatafika darasa linalofuata.

Wiki mbili zilizopita Brigita, yule mwanafunzi wangu mwenye pengo, alikuja kunitazama kutoka Miteja. Aliniambia kwamba kambi yetu ya wakimbizi sasa ni kijiji kamili, mikorosho imekuwa mikubwa, na watoto waliozaliwa pale wanawacheka wazazi wao kwa Kiswahili chao cha ng'ambo ya Ruvuma. Agnes, binti wa Mzee Tomaso, yuko hai, na nyumba yake ina bati. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba kila Idi unampelekea Agnes mkeka mpya kwa lori, bila neno lolote. Anayo kumi na mmoja. Ameiviringisha yote na kuiweka darini, hajatandika hata mmoja, kwa sababu hajui kama anapewa zawadi au anaombwa radhi.

Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka masika ya mwaka arobaini na tisa? Wale watu walikuwa wamewakimbia Wareno na pamba yao ya lazima, Lindi ikawa imejaa, boma likazileta kaya sitini Miteja. Kila mtu alitaka kusaidia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Boma lilitoa kiwanja na nguzo, misheni yetu ikatoa makuti, na Jamaa wa Kivinje, watu wenu wa msikitini, kaka Abdala akiwa msemaji wao, nao wakatoa makuti. Wote wakaezeka nyumba za kando ya barabara, kwa kuwa ndizo lori lilizozifikia. Petro yule kiwete alipata makuti mara mbili, akaezeka na banda. Ulisema kuku wa Petro wanalala pakavu kuliko watoto wa ng'ambo ya kijito, na Pazi, karani wa boma, akacheka mpaka akasahau kukasirika.

Basi tukakutana kila Alhamisi kwenye ghala la pamba, misheni, Kivinje na boma. Mimi nilikuja na daftari, nimepiga mistari kwa rula. Ukaniita Bibi Daftari mbele ya watu wote. Uliuliza kitabu kikiwa kwapani mwangu, wanawake wanaobeba makuti watakisoma kwa macho gani. Ukatoa kapuni ukili, ule ususi mwembamba wa ukindu mnaoshona mikeka, ukasema kila nyumba ifungwe ukili mlangoni. Mwekundu, nyumba ni ya misheni, Kivinje wapite. Mweusi, uliotiwa rangi ya mdaa, ni ya Kivinje, misheni wapite. Kaka Abdala alisema haya ni mambo ya jikoni. Lakini kwa majuma matatu hakuna nyumba iliyopata mara mbili. Hata Pazi akaacha kuandika, akawa anatembea anatazama milango.

Nilikupenda siku zile, Mwanaima. Sikuwa nimewahi kuwa na mtu wa kunicheka usoni kisha akanigawia muhogo wake.

Na unakumbuka yaliyofuata. Ulikwenda Kivinje kumzika shangazi yako. Mvua ikanyesha kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, kijito kikafurika. Jumamosi watu walipovuka, walimkuta Agnes amemfunika baba yake, Mzee Tomaso, kwa ngozi na majani, chini ya nguzo zisizo na paa. Mzee aliyebebwa juu ya kitanda toka Ruvuma alikufa Jumapili, kifua kimejaa. Mlangoni palikuwa na ukili mweusi. Waezekaji wa misheni waliuona wakapita. Wa Kivinje waliuona wakajua nyumba iko mikononi mwako, wakangoja urudi.

Ulipofika uliushika, ukaupitisha vidoleni, ukasema kweli huu ni ususi wa mkono wako, huenda uliufunga ukasahau. Hakuna aliyekulazimisha. Kuna waliosema umeiruka nyumba ile kwa sababu ya rozari iliyoning'inia shingoni kwa Agnes. Na wewe, kaka Abdala, ulimwambia dada yako aweke kapu chini mbele ya wanawake wote. Aliliweka. Juma lile lile akahamia Kinjumbi, na hajarudi Miteja hadi leo.

Sasa, kaka Abdala, soma polepole.

Mwanaima, wewe hukusahau. Ukili ule niliufunga mimi.

Nyumba ya Agnes ilikuwa ya misheni. Nilikuwa nimeifunga ukili mwekundu mimi mwenyewe, na makuti yake sitini yalikuwa nyuma ya darasa langu yakisubiri kuvushwa. Alhamisi ya juma lile mkaguzi wa shule alikuwa anakuja, na paa la darasa lilikuwa linavuja juu ya ubao. Niliogopa atasema shule ya mwanamke imemshinda. Jumatatu nikaezeka darasa kwa makuti ya Agnes. Nikaona mafundi wa misheni watauliza kwa nini nyumba nyekundu haina paa. Kapu lako ulikuwa umeliacha barazani kwangu ulipokwenda mazikoni. Nikachukua ukili mmoja mweusi, nikavuka kijito, nikabadilisha. Agnes aliniona. Nilimwambia watu wa Kivinje wanakuja, naye akanishukuru, akidhani wewe ndiye uliyenituma. Nilijiambia ni siku tatu tu, ukirudi nitakuomba uiezeke kwa makuti yenu, tutacheka, utaniita mwizi.

Mkaguzi alikuja. Aliandika kwamba darasa ni kavu na safi.

Uliposema ni ususi wako nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Nilifungua mdomo. Kisha nikasikia watoto wakiimba hesabu darasani, nikaufunga. Nilikwisha kuungama kwa padri zamani, nikaondolewa dhambi kwa siri. Lakini wewe hukuhukumiwa kwa siri, ndiyo maana nimeiandika barua hii isomwe na aliyekunyang'anya kapu.

Sikuombi unisamehe haraka ili nife vizuri. Ukitaka kunitukana, mwambie kaka aandike, nitasomewa na Sista Yustina, naye ana sauti kubwa. Naomba jambo moja tu. Kaka Abdala, baada ya Idi uende Miteja na barua hii, uisome pale kwenye ghala la pamba, Agnes akiwepo, na watu waliosimama siku ile, wale waliobaki. Usimwachie dada yako kazi hiyo. Kisha Agnes aambiwe kwamba mikeka ile kumi na mmoja haikuwa ya kuomba radhi, maana aliyeisuka hakumkosea neno. Aiteremshe darini, aitandike, watu waikalie.

Nisalimie wajukuu wote, na jirani yako Lusia kama bado anakushinda kwa maneno. Sista Yustina anakusalimu ingawa hakujui, anasema mtu ninayemtaja usingizini lazima ni mwema. Mungu akufikishe Idi kwa afya.

Ni mimi, niliyekupenda na kukunyamazia,

Bibi Daftari wako,
Stefania Ambrosi