Kitu cha Zamani Kuliko Wewe

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi naendelea, ila nimechoka. Nina watoto arobaini na sita wa miaka sita, na natakiwa kuwafundisha mambo ya kale. Jana niliuliza zamani ni lini, mmoja akajibu, "Kabla ya chai."

Nimefunga kamba kutoka mlangoni hadi dirishani. Mlangoni ni leo, dirishani ni zamani sana. Kila mtoto alete kutoka kwao kitu cha zamani kuliko yeye, tukibane mahali pake kwa kibanio cha nguo. Wana lugha tisa na kila kwao kuna mambo yake. Nataka waone wote wana jana yao. Mmoja akaniuliza, "Na wewe Mwalimu, umeleta nini?" Dada, naomba uniazime pasi ya mkaa ya Mama.

Najua hatujaandikiana tangu mazishi yake. Najua sikuja.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo palepale, asante kwa kuukumbuka baada ya miaka minne. Pasi siitoi. Umeme ukikatika ndiyo inayonilisha, na mashati ya watu hayanyooki kwa historia. Halafu pasi ya mkaa inabanwaje kwa kibanio, mwalimu mzima wewe?

Mama alilala kitandani miezi saba, namgeuza peke yangu. Barua zako zilikuwa mbili. Usiniombe tena kitu chake.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na kazi. Yote uliyoandika nimeyastahili, na pasi siombi tena.

Nakusimulia tu, maana sina mwingine wa kumsimulia. Kuna binti darasani ambaye familia yao ilihamia huku na nguo walizovaa tu. Wenzake walileta redio mbovu, picha, birika lililotoboka. Yeye alikuja amemshika bibi yake mkono. "Kwetu cha zamani ni huyu." Nilitaka kucheka, nikampisha bibi aingie. Watoto wakabishana abanwe wapi, mwishowe tukampa kiti dirishani.

Bibi hajui tarehe yake. Kwao miaka ilikuwa na majina: alizaliwa mwaka wa nzige, akaolewa mwaka wa mto kuhama. Watoto wakapenda! Sasa kuna mwaka wa jino na mwaka wa kupata mdogo. Waliponigeukia nikasema wangu ni mwaka wa kutokwenda. Wakauliza kutokwenda wapi. Nikawaambia tuimbe.

Niliogopa kumwona Mama vile, Dada. Niliogopa tu. Nisamehe.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa, barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha. Mwaka huo wako mimi nauita mwaka wa kumgeuza Mama. Sijakusamehe yote, nisikudanganye. Ila nimechoka kuubeba peke yangu.

Pasi bado haitoki mkononi mwangu. Kwa hiyo naileta mwenyewe, Jumatano ijayo, kwa basi la asubuhi. Nimekupita miaka tisa, basi nami ni kitu cha zamani. Mwambie yule bibi asogee kidogo pale dirishani. Na unitafutie kiti chenye egemeo, mgongo huu hauwezi stuli.

Dada yako