Majibu Tuliyowapa Wenyewe

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Sisi wazima. Bibi miguu inamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anaisahau. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tangu mashine za kufulia za hospitali zikuharibie masikio, na mimi kwenye simu nameza maneno.

Shangazi, Baba amepatikana!

Lile shirika la kutafuta waliopotea, ambako tulijaza fomu mwaka juzi Baba alipokatika mawasiliano huko alikokwenda kufanya kazi, limeniandikia barua pepe. Nembo ni ile ile, bluu ile ile, na tovuti yao ina picha za wafanyakazi waliovaa fulana za shirika. Kwanza walitaka tuthibitishe alama zake. Nikaandika kila kitu: kovu la moto wa kuchomelea mkono wa kushoto, kwamba ni fundi wa mageti, kwamba mimi huniita Bi Kimya. Baada ya siku tatu wakajibu kwamba yuko hospitali, amepoteza kumbukumbu, ana kovu mkono wa kushoto na kila siku anamtaja Bi Kimya. Nililia mbele ya kompyuta mpaka tajiri wangu wa duka la fotokopi akadhani nimeharibu printa.

Wanataka ada ya karatasi za safari kabla ya tarehe ishirini. Wamesema tusiende ofisini, jambo ni la siri. Nami unanijua, nilifurahi kutosimama dirishani mbele ya watu. Bibi anataka kuuza cherehani. Amefua mashati yote ya Baba, ingawa yalikuwa safi.

Mwanao.


9 Machi

Mwanangu Bi Kimya,

Marahaba. Masikio ni yale yale, na bora hivyo, maana hapa kazini kuna umbea mwingi. Msalimie mama, mwambie miguu aikande kwa maji ya moto, asijifanye kijana.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, ya tatu nikakaa juu ya mfuko wa mashuka machafu. Nililia kama wewe. Ni mdogo wangu yule, nimembeba mgongoni. Halafu nikajifuta uso nikajiuliza: hawa watu wamekuambia nini ambacho wewe hukuwaambia? Kovu, umelitaja wewe. Jina, umelitoa wewe. Ni sawa na mtu akusome jina kwenye beji ya kifuani, kisha akuambie mlisoma pamoja.

Usijione mjinga. Mwaka jana hapa ilikuja barua pepe kama ya ofisi ya mishahara, nembo juu, haraka haraka, jaza leo. Aliyejaza wa kwanza ni msimamizi wetu, na ndiye msomi wetu!

Fanya hivi. Waulize kama mguu uliovunjika alipoanguka kwenye paa umepona. Wewe unajua na mimi najua, baba yako hajawahi kuvunjika hata kidole. Cherehani isiuzwe. Na ile kadi yenye muhuri mliyopewa siku ya fomu ina namba ya ofisi. Piga hiyo, usipige iliyo kwenye barua pepe. Au nenda mwenyewe. Mdomo haukodishwi, mwanangu.

Shangazi yako.


28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na kazi. Bibi anakushukuru kwa ushauri wa maji ya moto, ila anasema kijana ni kijana.

Nimechelewa kwa sababu nilikaa siku tisa bila kuwauliza. Nilijua nikiuliza, Baba anaweza kupotea tena.

Nimeuliza. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kopi za mteja mmoja: “Mguu umepona vizuri, anatembea kwa mkongojo, anamshukuru Mungu. Harakisheni ada.” Nikarudi kwenye tovuti nikabonyeza kila mahali. Ofisi Zetu, Historia Yetu, Wasiliana Nasi, kote kunakurudisha kwenye fomu ile ile.

Kuna baya zaidi. Kabla barua yako haijafika, dada mmoja alinipigia akasema anatoka shirika, angependa tufike ofisini na Bibi. Barua pepe ilikuwa imenionya kwamba matapeli watapiga simu. Nikamwambia, “Baba yangu ameshapatikana, asante,” nikakata. Siku nzima nilijiona mjanja. Leo nimeilinganisha namba ile na ya kwenye kadi. Ni hiyo hiyo.

Bibi nimemwambia. Hakugomba. Alikunja mashati moja moja, akayarudisha sandukuni, akasema nguo huchakaa kwa kufuliwa bure.

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni mpya.

Sikiliza. Mwizi akija na sare ya askari, askari wa kweli akifika utamfungulia mbwa. Kosa si lako peke yako. Lakini yule dada alikuwa na neno la kuwaambia, na faili wanaweza kulifunga kwa jibu lako. Nenda. Waambie ulikosea, hawatakumeza. Zamu zikiisha nakuja.

Shangazi yako.


11 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mikono imepoa. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Njia nzima nilikuwa narudia sentensi yangu. Nilipofika dirishani ikanitoroka, nikasema tu, “Mimi ndiye niliyekukatia simu.” Yule dada hakucheka. Alizunguka akaja upande wangu, akaniingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Hapo nikajua.

Baba alifariki Juni mwaka jana. Ukuta wa karakana ulianguka. Alizikwa huko, na kaburi lina namba.

Nilingoja dada anirudishie maneno yangu, kovu na Bi Kimya. Hakuyataja. Alinipa picha iliyotoka kwa wenzake wa kazi. Shangazi, ana mvi, na amevaa miwani. Wenzake walisema alikuwa haoni karibu, na akiisahau miwani walimtania kwamba atachomelea vidole vyake. Sisi hatukujua habari ya miwani. Niliitazama picha ile nikitafuta kosa. Nilitamani iwe feki.

Dada alisema anaweza kuja nyumbani amweleze Bibi yeye. Nikamwambia hapana, nitamweleza mimi.

Nilimkuta ana mkasi, ananipunguzia sketi ya kazini. Nilisema yote bila kumeza neno. Bibi aliuweka mkasi chini. Kisha akauliza, “Na hawa, ni wa kweli?”

Nikasema, “Ndiyo, Bibi. Hawa ni wa kweli.”

Usingoje zamu ziishe.

Mwanao.