Nguzo ya Nyumba Anayokaa Mama

Chumba cha wahariri,
Jarida la Majengo na Makazi,
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kifua chako kimepoa? Wifi na watoto wamezoea baridi ya huko milimani? Sisi tu wazima wa mwili, ila roho bado iko juujuu. Simu yako haipatikani, ndiyo maana ninaandika.

Unaijua kazi yetu: wataalamu hutuletea makala kuhusu majengo, nasi watatu tunazikagua. Mpaka zichapishwe, ni siri. Mhariri mkuu, tunayemwita Nukta kwa jinsi anavyozisaka, hana mchezo na sharti hilo.

Wiki iliyopita nilipokea makala ya mhandisi mmoja kuhusu zege lililochanganywa vibaya. Hakutaja jengo. Lakini kwenye picha ya nne niliona nguzo yenye ufa, na kando yake ngazi yenye vyuma vya kijani, vile alivyovipaka marehemu baba. Mhandisi aliandika kwamba nguzo ile haitamaliza msimu wa mvua, na mvua ilikuwa ikinyesha.

Nilikaa nayo nusu saa nzima. Naona haya kukwambia, lakini niliwaza kazi yangu kwanza, ndipo nikamuwaza mama.

Nikaingia kwa Nukta. Nikamwonyesha ile picha. "Mama yangu anakaa hapo, lazima nimwambie," nikamwambia.

Alivua miwani. Nikajua kazi sina tena.

"Sasa umesimamia nini? Mpigie atoke," alisema, huku akimtafuta mhandisi kwa simu. Kumbe mhandisi alishamwandikia mwenye nyumba mara mbili, bila kujibiwa.

Tulikwenda sote watatu wa chumba cha wahariri, tukagonga kila mlango. Familia kumi na moja, kaka. Wengine walitucheka: watu wa nukta na koma wanajua nini kuhusu zege? Nukta, anayehema akipanda ngazi za ofisini, alipanda ghorofa nne na ile picha mkononi. Kufika saa kumi jioni, wa mwisho alikuwa nje.

Alhamisi asubuhi nguzo ilikatika, ngazi yote ikashuka nayo. Hakuumia mtu.

Kazi bado ninayo, na mama yuko kwangu. Lakini mtu akibamiza mlango tu, nashika ukuta.

Hofu yangu sasa ni mama mwenyewe. Anataka kurudi kuchukua cherehani yake. Anasema upande wake, kule chini, bado umesimama, na nyumba aliyotulelea haiwezi kumuua. Wamezungushia utepe, lakini utepe haumzuii mama. Mimi ananisikiliza kama redio ya jirani. Wewe ndiye kifungua mimba wake, mwandikie umkataze, upesi. Kila jioni nikifika nyumbani, kabla sijabisha hodi, natazama kwanza kama viatu vyake vipo mlangoni.

Msalimie sana wifi, na watoto wote. Shangazi anakukumbuka. Mungu awafunike huko mliko, nasi huku atushikie kuta.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima.