Kanisa Lote Liliombea Mgongo Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kwa jina la Mungu na unifiche kwa jina lake huyo huyo, maana majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mzee wa kanisa huku Sironga, miaka arobaini na saba, shule niliachia darasa la saba, nina mke, Bochaberi, na watoto watano, na shida hii sijawahi kuitamka kwa mdomo. Miezi miwili iliyopita, Ijumaa, nikioga ili Sabato inikute safi, mkono wangu ukagusa kitu kigumu kwenye, unisamehe, moja ya zile mbili, ya kulia, kadiri ya punje ya mahindi, nikasema ni Shetani ananijaribu, nikafunga siku tatu, nikagusa tena nikakuta kimekuwa kama njugu, na hakiumi, ni uzito tu unaovuta nikisimama shambani kwenye chai.

Nikaenda dispensari. Sasa daktari wa pale ni Celestine, mke wa mwanangu Ronny, na sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ambayo baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi mambo ya mwili hata kwa mafumbo. Akaniuliza kwa upole, "Tata," yaani baba, "unaumwa wapi?" Mdomo ukajisemea wenyewe: "Mgongo."

Mshauri, tangu siku hiyo nameza dawa za mgongo. Celestine akaongeza ya kupaka, akamtuma Ronny aje kunichumia chai, akamwambia mchungaji, na Sabato iliyopita kanisa lote lilipiga magoti likaombea mgongo wangu, na mimi nikaitikia amina. Bochaberi peke yake ndiye haamini. Jana aliniambia, "Baba Ronny, ni mgongo gani huu unabeba kikapu cha chai mlima mzima, lakini nikikwambia geukia huku ndiyo unauma? Kama kuna mwingine huko Keroka, sema."

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa akisema ya kulia ndiyo ya wavulana, ya kushoto ya wasichana, na kwamba ukikatwa moja sauti hurudi nyembamba kama ya mtoto. Mimi naimba besi kwenye kwaya. Naogopa kukatwa, naogopa kufa, naogopa kusema, na sijui naogopa lipi zaidi.

Mwenye mgongo mzima

Mwenye mgongo mzima,

Pole sana. Lakini wewe mzee, umewapigisha watu magoti kwa kiungo kisichouma!

Tuanze na jina: korodani. Litamke. Kulitamka hakujawahi kumuua mtu. Kulinyamazia ndiko huua. Korodani hutengeneza mbegu za uzazi, na hutengeneza homoni inayokupa ndevu, nguvu na hiyo besi. Zinaning'inia nje kwa sababu mbegu hazipendi joto la tumbo, na moja kushuka kuliko nyingine ni kawaida. Mbegu hupanda kwa mrija, huchanganyika na maji ya tezi dume, zikatokea kwenye uume. Kila korodani hutoa za wavulana na za wasichana. Baba yako mdogo, apumzike, alikisia tu. Na ikibidi moja itolewe, iliyobaki ikiwa nzima kwa kawaida huweza kazi zote.

Ila uvimbe mgumu unaokua bila kuuma, huko kutouma ndiko kunakonitia wasiwasi. Huenda ni maji tu, huenda ni mshipa, huenda ni saratani. Mimi kwa barua siwezi kujua, na wewe kwa kufunga huwezi. Saratani ya hapo ikiwahiwa, mara nyingi hupona.

Chinsoni inakukataza kumvulia Celestine, haikukatazi kutibiwa. Basi usimvulie. Leo hii mwite Bochaberi, mwambie yote, mwache aguse mwenyewe. Anachokitafuta Keroka atakikuta hapo. Yeye ni mama mkwe, atamwambia Celestine maneno ya wanawake, na Celestine ataandika barua ya kukupeleka hospitali kubwa Kisii mjini, kwa daktari mwanamume, upigwe picha na upimwe damu. Iwe wiki hii. Chai mwachie Ronny, si ameshazoea?

Halafu Sabato simama mbele, uwaambie kwamba mgongo haukuwahi kuuma, na uwaombe waanze maombi upya. Safari hii uitikie amina ukiwa na barua ya daktari mfukoni.