Mnazi Wangu wa Bwejuu

Kikwajuni, Jumapili, 1956

Na Kizungu changu chote cha darasa la nne, leo kanishinda bibi yangu mwenyewe!

Yule Mzungu anayetaka kujenga kiwanda cha kamba nimempeleka Bwejuu mimi. Mjomba kakubali kumuuzia ardhi, na mimi dalali nshajiona juu ya baiskeli mpya. Mzungu akadhani kapata na minazi, kumbe kwetu ardhi ina mwenyewe na kila mnazi una wake.

Bibi akatoka, kanga kiunoni. "Ardhi ya mwanangu, sawa. Lakini mnazi huu wangu. Ule wa Bi Mize. Ule wa mayatima. Kila mwenye wake akaulizwe."

Nikatafsiri. Mzungu akazidi kuwa mwekundu.

"Na huu," Bibi akanigeukia, "nilikupandia siku uliyozaliwa. Haya, dalali, mtajie bei!"

Nikatazama juu, madafu tele. Ulimi wangu, unaosifiwa mpaka Jang'ombe, ukahamia upande wa Bibi.

"Hauuzwi, bwana," nikamwambia.

Kaondoka, na baiskeli yangu imekwenda naye. Nachelea atarudi na wakubwa wa serikali, halafu...

Lakini alhamdulillahi kwa bibi yule. Bila yeye leo tungekuwa tunafunga mizigo tuhame Bwejuu. Asubuhi nilitoka dalali wa watu, jioni nimerudi na dafu la mnazi wangu mwenyewe. Tamu!