Mafuta Mazuri Kwenye Glavu za Tanuri

Kwako Bi Dhahabu, mshauri wa gazeti letu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana najua utakasirika. Mimi ni mke wa mtu, nakaa Chaani, nilisomeshwa chuo cha Kurani na marehemu baba na kuandika najua mwenyewe, kwa hiyo haya hayakupitia mkononi mwa mtu mwingine, na jina langu naomba ulifiche.

Mume wangu, nimwite Khamis, ni fundi katika karakana moja hapa Changamwe inayochoma vyuma vya meli mpaka viwe vigumu, na tangu vita vianze kazi haipungui. Yeye hachomi vyuma. Kazi yake ni kuvipima vijiti vinavyopima moto, na nitakueleza kama nilivyoelewa. Kila tanuri kubwa lina kijiti kirefu chembamba kinachoingizwa ndani, na humo mna nyaya mbili zilizoungwa nchani, na kijiti hicho ndicho kinachousukuma mshale wa kipimo kilichoko ukutani ili watu wajue moto umefika wapi, lakini kijiti kikichakaa husema uongo, na kikisema uongo chuma kizima huharibika. Basi Khamis ana tanuri lake dogo la umeme, kiasi cha mtungi uliolazwa ubavu, huviingiza humo vijiti vyenye shaka pamoja na kijiti kimoja kinachoaminiwa, ambacho wenyewe wamekipa jina la Kadhi kwa kuwa neno lake ndilo la mwisho, na anayetofautiana na Kadhi hutolewa kazini.

Hilo tanuri, Bi Dhahabu, halina tofauti na mke mwenza. Asubuhi, hasa kukinyesha, hulipasha kidogo kidogo kwanza ili unyevu ulitoke, udongo wake wa ndani usije ukapasuka. Huangalia waya uendao ardhini kama umeshika. Huzima umeme kabla ya kusukuma chochote ndani. Vijiti huvifunga pamoja na Kadhi ili ncha zote zikae mahali pamoja, mdomo wa tanuri huuziba, kisha hungoja, na kungoja kwenyewe ni mpaka mshale usimame kimya kabisa ndipo asome. Akimaliza huliacha lipoe kwa hiari yake. Na kubwa kuliko yote, mikono na glavu ziwe kavu, pasiwe na maji wala mafuta. Hilo alinieleza, sisemi hakunieleza. Mwanamume huyuhuyu chai ikichelewa kuchemka husema mpaka majirani wanakohoa, lakini tanuri hulingoja nusu siku na hata kununa hanuni.

Tanuri ningelivumilia. Lililonishinda ni Jumwa. Huyu ni mjane wa Kigiriama, mtu wa kanisani, aliandikwa kazi pale kwa kuwa wanaume wengi wamekwenda vitani, naye kazi yake ni kusafisha mirija ya kauri inayovaliwa na zile nyaya na kuvifunga vijiti kabla havijaingia motoni. Kila jioni Khamis akikaa mkekani mimi namega muhogo yeye anamtaja Jumwa, Jumwa kafunga vizuri, Jumwa kaona ufa kwenye mrija mimi sikuuona, nami hayo ya maji na mafuta yalinipita kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanangoja jina hilo tu. Siku moja akaniita, nikamwitikia abee, akaniambia, "Mke wangu, yule mwanamke yuna mikono mikavu, wallahi. Jasho hatoki hata kidogo. Nyaya hizi jasho la mtu huzila."

Nikamuuliza, "Na yangu mimi?"

"Yako ni ya kupikia," akasema, akaendelea kula.

Usiku ule sikulala. Mtu anajua mikono ya mwanamke ni mikavu kwa njia gani kama hajaishika? Nikawaza hilo mpaka kukacha, na kulipokucha nikaona dawa ni moja. Wewe ni mtu wa pwani, unajua nguo ya mume hutoka nyumbani na alama ya mkewe, kanzu ikafukizwa udi na shuka ikatiwa asumini, lakini mume wa karakana kanzu yake ni ya Ijumaa tu, na siku nyingine anavaa nguo zenye masizi. Kitu kinachofika mpaka pale alipo Jumwa ni glavu zake za ngozi. Nikachukua mafuta mazuri niliyoyapika mwenyewe, mafuta ya nazi yaliyochemshwa na maua na udi, nikazipaka glavu jozi zote mbili, ndani na nje na kwenye mishono, kidogo kila siku, ili bibi yule akifunga vijiti apate harufu ajue kwamba mwanamume huyu ana mwenyewe. Khamis hakuhisi kitu, kwa sababu nyumba yetu nzima inanuka mafuta hayo, na pua ya mtu haisikii harufu ya kwao.

Sasa siku moja moto ulipokuwa umepanda sana Khamis akashika vijiti kwa glavu zile kuvitoa, glavu ikatoa moshi, ikawaka. Aliitupa, lakini kiganja na dole gumba vimeungua, ngozi imetoka. Nyaya zilizoguswa na mafuta nazo zimeharibika, na Kadhi mwenyewe ni mmoja wao, na kumpata mwingine wakati huu wa vita si jambo rahisi. Msimamizi akanusa akasema ni mafuta ya nazi, mafuta ya nywele ya kike, na mwanamke pale ni mmoja. Jumwa ameambiwa mwisho wa mwezi aondoke, msimamizi anangoja tu Khamis arudi kazini atie neno lake. Khamis ameniambia, "Sikudhani Jumwa angenifanyia uzembe kama huu." Bi Dhahabu, nitakuficha nini, niliposikia maneno hayo nilifurahi. Nilimfunga mkono kwa kitambaa huku nacheka moyoni.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Jumapili Jumwa alikuja nyumbani kwangu kumpa pole mgonjwa, kaleta jani la mshubiri la kupaka jeraha. Akakaa kizingitini, hakuingia ndani mpaka nilipomkaribisha. Nikamsogelea nimnuse, na kichwa chake hakina hata tone la mafuta, nywele kavu kama makumbi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi siku ya kazi sipaki mafuta. Bwana alinikataza tangu siku ya kwanza, na nimeshika. Sijui yametoka wapi. Nina watoto wawili, mama, nisemee kwa bwana." Na ni mzuri, Bi Dhahabu. Ningemkuta na sura mbaya ningemhurumia papo hapo, lakini ni mzuri, ana shingo ndefu na meno meupe, na hata alipokuwa analia mbele yangu nilikuwa natazama mikono yake.

Nikisema kweli Khamis anaweza kuniacha, na hata asiponiacha Jumwa atarudi palepale kando yake nami nitakuwa nimemrudisha kwa ulimi wangu. Nikinyamaza anaondoka, naye hana pengine. Ile jozi ya pili bado imo ndani ya kikapu cha kazi cha Khamis pamoja na bakuli la chakula, sijathubutu kuitoa nisije nikaulizwa, na wiki ijayo anarudi kazini. Naomba msaada wako, niseme au ninyamaze? Ukiwa na neno la siri nitumie kwa Lewa mwenye duka hapa Chaani, nitalipata.

Ni mimi,
Mke wa Fundi

JIBU

Mke wa Fundi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, weka karatasi hii chini, nenda kwenye kile kikapu, toa ile jozi ya pili. Usiifue. Nimemuuliza mtu aliyezeeka kwenye moto, ameniambia mafuta yaliyoingia kwenye ngozi hayatoki kwa sabuni, na glavu iliyolowa maji mbele ya tanuri humchemsha mtu mkono kwa mvuke. Ifunge kwenye kitambaa uiweke. Utaihitaji.

Umeshaitoa? Sasa kaa nikuseme.

Umejaza kurasa kuniuliza habari ya Jumwa, na mkono wa mumeo umeupa mistari miwili tu. Kwenye kikapu kuna moto unaongoja siku yake, nawe unaogopa kuulizwa. Safari ya kwanza aliungua kiganja. Safari ya pili unataka aungue nini, uso? Hapo utamfukizia nani udi?

Pole ninayo, usidhani sina. Mume anayesifu mikono ya mwanamke mwingine huku anakula chakula kilichopikwa na ya kwako amekosa adabu, na kama ananisoma namwambia. Namwambia pia kwamba fundi anayekagua waya wa ardhini kila asubuhi na glavu zake hazitazami ana lake la kujibu. Wivu nao sikwambii uutupe. Mke asiye na wivu sijamwona, mimi mwenyewe nilikuwa nao mpaka mzee akafa, na baada ya hapo nikawaonea wivu wafanya matanga. Wivu una haki ya kuuliza. Ungeuliza tu, "Umejuaje kama ni mikavu?" angekujibu kwamba mwenye jasho huacha alama kwenye nyaya, na Jumwa haachi. Jibu hilo ulikuwa nalo ndani ya barua yako mwenyewe, umeliandika kwa mkono wako, hukulisikia.

Sasa huyo Jumwa. Mumeo alisema pasiwe na mafuta, mmesikia wawili. Aliyetii ndiye anayefukuzwa. Amekuja kwako na jani la mshubiri, amekuita mama, amekupa kesi yake mkononi, na wewe unapima urefu wa shingo. Uzuri wake hakuupaka, amepewa na Mungu, na wewe huna mamlaka ya kumhukumu mtu njaa kwa sababu ya meno.

Unaogopa talaka. Inaweza kuwa, siwezi kukudanganya. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mwanamume anayengoja mshale usimame ndipo asome nadhani atakungoja nawe umalize kusema, ukianza wewe. Atakasirika. Mwache akasirike, mkono ni wake. Usimlilie na usimtaje Jumwa kwanza. Mpe ile jozi mkononi, mwambie, "Haya mafuta ni yangu," kisha umwambie kwa nini, hata lile la "yako ni ya kupikia", kwa sababu hilo nalo lazima alisikie. Baada ya hapo aende kwa msimamizi na glavu zile ziwe ushahidi, kabla ya mwezi kwisha. Wewe nenda kwa Jumwa kwa miguu yako, na usitume mtu. Ukaribishwe ama usikaribishwe, kaa kizingitini kama alivyokaa yeye.

Na tangu leo vitu vya karakana viache huko karakana. Mafuta yako mazuri yana mahali pake, nawe ni mtu mzima, huhitaji nikuelekeze ni wapi.

Mwisho nina jambo ambalo hutalipenda. Uliniomba nilifiche jina lako, nimelificha. Tanuri sikuweza kulificha, bila tanuri barua yako haina kichwa wala miguu. Changamwe nzima ina mafundi wangapi wenye kijiti kiitwacho Kadhi na mkono uliofungwa kitambaa? Gazeti hili hutoka Ijumaa, na watu wakitoka msikitini litasomwa kwa sauti kwenye kahawa, na huko kanisani kwa kina Jumwa watalisoma Jumapili. Jumwa atapona kwa gazeti hili, upende usipende, hilo nimeshaliamua mimi na sikuombi ruhusa.

Karatasi unayoshika sasa ni nakala ya jibu hili, nimemtumia Lewa leo Alhamisi, akupe mkononi. Nimekupa usiku mmoja wa kumwambia mumeo kabla hajaambiwa na wanywa kahawa. Mumeo akirudi jioni kutoka msikitini, wa kumfungulia mlango ni wewe.

Dhahabu