Shati Nililolikata Pichani

Istanbul, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, presha imetulia? Mimi huku mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Navaa soksi jozi mbili na bado vidole vinauma. Kazi ni ileile ya godauni, kufunga nguo kwenye maboksi. Mafunzo ya picha yaliyonileta yalikwisha zamani, unajua. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe hunyamaza, na ukinyamaza mimi naishia kusema uongo.

Na nimeshasema, Baba. Uliponipigia kuniambia duara la machimbo limetitia likamfukia rafiki yangu Maduhu, na kwamba mama yake ametoka Ushetu hadi studio kwako Nyarugusu kuulizia picha ya mwanawe, maana kamzika bila hata picha moja ya kuweka juu ya jeneza, nilikujibu kwamba niliifuta. Sikuifuta. Ninayo.

Siku ile unaikumbuka. Maduhu alitoka shimoni akaja moja kwa moja kwako, tope hadi kwenye kope, apigwe picha ya kumpelekea mama yake. Wewe ulikuwa ndani na wateja. Ndoo ya maji na sabuni viko nyuma kama ilivyo desturi yako, na lile koti la bluu la kuazima wateja liko kwenye msumari wake. Akakaa kwenye benchi nje kusubiri zamu ya kuoga, usingizi ukambeba, mdomo wazi. Nikampiga picha kupitia dirisha. Mwanga ulikuwa umemwangukia shavuni, vizuri mno! Jioni nikaiweka mtandaoni, nikaandika: "Huu ndio uso wa dhahabu."

Watu wa mbali wakanisifu. Pale machimboni wakapata la kusema, kila akipita: "Oya Maduhu, funga mdomo, nzi wataingia!" Siku ya tatu akaja studio. Hakunifokea, laiti angenizaba hata kofi.

"Shija," akasema, "Mama hajawahi kuniona nikiwa hivi. Ungeniamsha tu, ndugu yangu, nioge."

Akaondoka, na hakurudi tena kupiga ile picha yake.

Ukaniambia nimfuate nikamwombe radhi. Mimi nikakujibu, mbele za wateja, kwamba koti lako ndilo linalodanganya watu, picha yangu ndiyo ya kweli. Jamani, Baba! Ulilitoa koti msumarini, ukalikung'uta vumbi, ukalirudisha. Na picha hiyohiyo ndiyo iliyonipatia nafasi ya mafunzo, ikanipandisha ndege.

Sasa sikia. Jumapili huwa nazunguka mitaani na simu, nawapiga picha watu wakiwa hawana habari. Walimu walitufundisha kwamba ukimwomba mtu ruhusa, uso unabadilika na picha inakufa. Ni kweli, inakufa. Wiki mbili baada ya simu yako nilimkuta bibi mmoja anayeuza soksi za sufu kando ya barabara, amesinzia kwenye kigoda. Nikapiga. Akafumbua macho. Nikajua leo naitiwa polisi. Kumbe akaninyooshea kiganja: subiri. Akatoa kitambaa kisafi kwenye kapu lake, akajifunga upya, akajipangusa mdomo, akafunga vifungo vya koti, akakaa wima kabisa kama wale wateja wako wa Krismasi. Kisha akanionyesha kwa kichwa: haya, piga.

Akataka kuziona. Alipoifikia ile ya kwanza, akaigusa kwa kidole, akasema neno moja tu, na Kituruki changu cha kuokoteza kilitosha kulielewa: "Futa."

Nikafuta. Nisikufiche, Baba, ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzuri. Ya pili amekakamaa kama gogo. Lakini ndiyo aliyonipa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hata sikuwa nimemwamkia. Mimi, niliyelelewa na Wasukuma, namwendea mtu mzima bila salamu!

Nikarudi chumbani nikaifungua picha ya Maduhu, ile nzima. Maana ile mliyoiona niliikata, hukuwahi kujua. Chini, karibu na buti lake, kuna mfuko wa kaki. Imechomoza kola ya shati jeupe, jipya, kadibodi bado imo shingoni. Nakumbuka kwa nini niliuondoa ule mfuko: niliona shati linaniharibia picha. Mtu wa tope nilimtaka awe wa tope tu. Halafu nikasimama mbele yako kukufundisha ukweli. Naona aibu, Baba. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nimeisafisha hiyo nzima kwenye karatasi kubwa, imo humu kwenye bahasha. Nilijaribu pia kumvalisha koti lako kwa kompyuta, kama wafanyavyo vijana wa studio za Geita mjini. Lilimkaa vizuri. Nikalivua. Maduhu siwezi tena kumuuliza, na nimeshamchukulia vya kutosha bila kumuuliza.

Nakuomba umpelekee Mama Maduhu. Ila usiitoe kabla hujamweleza ilivyo: tope, usingizi, mdomo, na kwamba mpigaji ni mimi na mwanawe hakuulizwa. Akikataa kuiona, ichome, nami nitaifuta huku. Akitaka avalishwe, nitamvalisha. Akiipokea, basi usimwonyeshe uso kwanza. Mwonyeshe pale chini, kwenye mfuko. Mwambie shati alilileta mwenyewe.

Nisalimie Mama sana, na dada Kabula na wanawe; mjomba wa kwenye karasha la kusagia mawe mwambie redio yake sijaisahau. Wabeja sana, asante kwa kunivumilia. Na lile koti usimpe mtu. Nikirudi, nitaoga kwanza kwa maji ya ile ndoo, nilivae, halafu nitakaa kwenye benchi nikisubiri uniite.

Mwanao,
Shija